NDEGE HUPAA, DAFTARI HUBAKI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, Njombe)



  Barua ya Ndugu Katibu ilinitaka nizungumzie kumbukumbu za marubani wa zamani na magendo ya ndege ndogo. Nilipoisoma nilicheka, maana nilijua imetokana na nini. Mwaka jana, baada ya chakula cha usiku, meza yetu iligeuka baraza. Mmoja akasimulia ndege isiyo na taa iliyotua alfajiri katika ukungu. Mwingine akasimulia rubani aliyeonja ulanzi akasahau njia ya kurudi kwao. Kila mmoja alikuwa na hadithi yake, na kila hadithi ilikuwa tamu kuliko iliyotangulia. Lakini nilipokwenda kulala nilitambua jambo moja. Katika hadithi zote zile shujaa alikuwa ni yule aliyeko juu. Hakuna aliyeuliza: je, huku chini alikuwapo nani?

Basi leo naomba kuuliza swali hilo. Nimekuwa mtumishi wa Serikali kwa miaka kadhaa katika kazi ya kukagua mizigo na hati zake, na yale nitakayosema ni mawazo yangu mwenyewe, si ya ofisi yangu.

Wenzangu wa miaka ya 1990 mtakumbuka kwamba ndege ndogo ikisikika juu ya Njombe, hata mwalimu wa Hisabati alijua kipindi kimekwisha. Sote tulikuwa dirishani. Mimi nilikuwa na desturi ya kwenda kiwanjani Jumamosi, baada ya kufua. Sikutaka kuwa rubani. Nilikwenda kwa sababu alikuwapo mzee mmoja aliyetunza kiwanja, na mzee yule alipenda kusimulia. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa hakupenda litajwe hata alipokuwa hai.

Kazi yake ilikuwa kufyeka nyasi, kufukia mashimo ya fuko, kuitundika soksi ya upepo na kufukuza ng'ombe. Rubani alipofika alizunguka mara moja juu ya kiwanja, na mzunguko ule ulikuwa ni salamu kwa mzee: ondoa mifugo, ninashuka. Mzee alikuwa pia na daftari, kaunta buku kubwa lililofungwa kwa mpira. Humo aliandika tarehe, saa ya kutua, alama ya ndege, jina la rubani, abiria, mzigo, na saa ya kuruka. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma alama za ndege kabla sijajua kusoma ramani vizuri. Ndege yenye 5H ni yetu. Yenye 5Y ni ya Kenya, 9J ni ya Zambia, 7Q ni ya Malawi. Zamani, kabla ya Uhuru, za Tanganyika ziliandikwa VR-T.

Siku moja alinionyesha ukurasa wa zamani. Katika safu ya mzigo palikuwa na maneno mawili tu: "Amesema nisiandike." Nikamwuliza maana yake. Akasema rubani alishusha masanduku, akampa noti, akamwambia, hii usiiandike. Mzee akairudisha noti, kisha akaandika kile alichoambiwa. "Mjukuu wangu," alisema, "mimi sikujua kilichokuwamo. Ningeandika dhahabu ningekuwa mwongo. Ningeandika sabuni ningekuwa mwongo vile vile. Nikaandika nilichokisikia."

Maneno hayo yaliniingia, ingawa, kama mtakavyosikia, hayakuniingia vya kutosha.

Ndugu Mwenyekiti, tuanze na historia. Jaribio la kwanza kubwa la kupitisha shehena kwa njia ya anga hadi nchi yetu, bila ya adui kuiona, lilifanyika mwaka 1917. Wakati huo Wajerumani walikuwa wamezingirwa na Waingereza, na meli zao hazikuweza kufika pwani. Tarehe 21 Novemba 1917 chombo kikubwa cha angani kilichoelea kwa gesi, kilichoitwa L 59, kiliondoka Jamboli nchini Bulgaria kikiwa na tani 15 hivi za risasi, dawa na vifaa vingine kwa ajili ya jeshi la von Lettow-Vorbeck. Kilivuka bahari ya Mediterania, kikavuka jangwa, kikafika magharibi ya Khartoum. Hapo kikapata habari kwa redio kwamba kirudi. Huku kusini jeshi lilikuwa linarudi nyuma kuelekea mto Ruvuma, na mahali palipokusudiwa kutua hapakuwa tena mikononi mwa Wajerumani. Chombo kikageuka na kurudi Bulgaria. Kilikuwa kimekaa angani kwa saa 95 na kusafiri zaidi ya kilometa 6,700, na hakikushusha hata sanduku moja. Kilichokishinda hakikuwa upepo wala jangwa. Huku chini hapakuwa na mtu wa kukipokea.

Mwaka 1932 shirika la Imperial Airways la Uingereza lilikamilisha njia yake ya ndege hadi Cape Town. Katika nchi yetu ndege zilitua Moshi, Dodoma na Mbeya, kisha zikaingia Mpika na Broken Hill, ambayo leo ni Kabwe. Ndivyo nyanda zetu za juu zilivyoanza kuzoea mngurumo wa injini. Marubani wa siku zile walikuwa watu hodari. Hawakuwa na rada. Walifuata barabara, mito na moshi wa vijiji. Bibi Beryl Markham wa Kenya, ambaye mwaka 1936 alivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza hadi Kanada, aliandika kumbukumbu zake katika kitabu kilichotoka mwaka 1942. Alibeba barua na abiria. Alikodiwa pia kuruka juu ya pori akiwatafutia wawindaji matajiri tembo wenye pembe kubwa. Kwa sheria za wakati ule mwenye leseni aliruhusiwa. Lakini tuone jinsi ndege ile ile ilivyoweza kuleta barua asubuhi na kumtafuta tembo jioni. Ndege haina dini. Inakwenda inakoelekezwa.

Nimesoma kumbukumbu kadhaa za marubani wa zamani, na nakiri kwamba zinavutia. Wanaandika juu ya mawingu, injini iliyozimika, mafuta yaliyokaribia kwisha. Aliyefyeka nyasi anatajwa mara chache sana, na akitajwa, hana jina. Kwa msomaji hilo ni jambo dogo. Kwa mtu wa kazi yangu ni jambo kubwa, kwa sababu magendo ya ndege huanzia kwake au huishia kwake.

Naomba nieleze sababu, na nitaanza na viazi.

Mji wetu wa Njombe uko kwenye mwinuko wa meta 2,000 hivi kutoka usawa wa bahari. Katika mwinuko huo hewa ni nyepesi, na injini ya kawaida ya ndege ndogo hupoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake. Bawa nalo hushika hewa kidogo zaidi, kwa hiyo ndege huhitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kupaa. Sasa chukueni ndege ya injini moja ya aina ya Cessna 206. Ukishamweka rubani na petroli ya safari, unabakiwa na nafasi ya mzigo wa kilo 400 hivi, na hiyo ni katika hali nzuri. Maana yake ni magunia manne ya viazi ya kilo mia mia. Bei ya viazi hivyo haitoshi hata kununua petroli. Hivyo mtu akikuambia kwamba ndege ilitua porini usiku kuchukua viazi, mwambie aendelee kunywa ulanzi wake.

Ndege ndogo hubeba kitu chepesi chenye thamani kubwa. Kilo moja ya dhahabu haizidi ukubwa wa viberiti viwili. Mwaka 1947 kule Mwadui, kwenye machimbo yaliyogunduliwa na Dakta Williamson mwaka 1940, ilipatikana almasi ya rangi ya waridi ya karati 54.5, ambayo baadaye akapewa Binti Mfalme Elizabeth. Jiwe lile maarufu duniani lilikuwa na uzito wa gramu 11 hivi kabla ya kuchongwa, sawa na vijiko viwili vya sukari. Kitu cha namna hiyo hakihitaji ndege kubwa. Kinahitaji mahali pa kutua na mtu asiyeuliza.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mtu mmoja aliyewahi kufanya kazi katika machimbo ya almasi ya Afrika ya Kusini Magharibi, Namibia ya leo, aliificha almasi karibu na ufuko wa bahari, akaacha kazi, kisha akairudia kwa ndege ndogo. Ilitua mchangani vizuri. Ilipotaka kuruka ikaharibika pale pale, naye akakamatwa. Mwandishi Ian Fleming alikisimulia kisa hicho katika kitabu chake cha mwaka 1957 juu ya wapitishaji magendo wa almasi. Aliyekuwa ameajiriwa na wenye machimbo kuusaka mtandao mzima alikuwa Sir Percy Sillitoe, ambaye baada ya Vita Kuu ya Kwanza alifanya kazi ya utawala hapa Tanganyika. Kisa cha ufukweni kinatufundisha kwamba mtu aliyekwenda bila ya mwenzake wa kumtunzia kiwanja, aliishia mchangani. Waliofaulu hawakuwa hodari kuliko yeye. Walikuwa na wenzao ardhini.

Mfano wa karibu zaidi ni jirani zetu wa Kongo ya mashariki. Katika wilaya ya Walikale, Kivu ya Kaskazini, kuna mlima wa Bisie uliojaa madini ya bati. Katika miaka ya 2000 vijana walichimba kwa sululu, wakabeba magunia ya kilo 50 mgongoni wakipita msituni kwa siku mbili. Karibu na kijiji cha Kilambo kulikuwa na kipande cha barabara ya lami. Barabara hiyo ndiyo iliyokuwa kiwanja. Ndege ndogo za kubeba karibu tani mbili zilitua juu ya lami, watu na baiskeli wakisogea pembeni, zikapakia na kuruka kwenda Goma. Zilifanya hivyo mchana kweupe, siku baada ya siku. Wenye silaha walitoza kwenye kila gunia, njiani na machimboni. Septemba 2010 Serikali ya Kongo ilisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, ikaufungua tena Machi 2011.

Mnaona, hapakuwa na giza wala ukungu, na mtu hakuhitaji kuwa rubani wa ajabu. Uwezo wote ulikuwa katika mikono ya waliosimama kando ya barabara: anayehesabu magunia, anayepokea kitita, anayeandika tani moja mahali pa tani mbili. Aliyelipia yote hayo ni kijana mwenye gunia mgongoni, ambaye bei yake ilipunguzwa kila kituo alichopita.

Sasa turudi nyumbani, Makambako. Nyote mnajua kwamba Makambako ni njia panda. Barabara ya Songea na Njombe inakutana hapo na barabara kuu ya Zambia, na reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976, inapita hapo hapo. Hapo pia kuna mizani. Lori la mbao, la chai au la viazi likifika hupimwa. Dereva hushuka na karatasi zake, na kama amezidisha uzito hulipa. Nimesimama pale mara nyingi nikisubiri usafiri, nikawasikia madereva wakilalamika kwamba nchi hii inampima mwenye viazi lakini haimpimi mwenye dhahabu. Niseme kweli, malalamiko yao yana haki ndani yake.

Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inataka ndege inayotoka nchi ya nje itue kwanza kwenye kiwanja cha forodha, itoe taarifa na hati za mzigo. Hata kabla ya hapo hatukukosa sheria. Mpaka wetu na Kenya ulipofungwa Februari 1977, ndege ndogo za watalii zilizokutwa upande wetu zilizuiliwa pamoja na magari. Mwaka 1983, wakati wa vita dhidi ya wahujumu uchumi vilivyoongozwa na hayati Edward Moringe Sokoine, wazazi wetu waliona sukari na vitenge vikitupwa vichakani usiku na watu walioogopa kukaguliwa. Sheria ya mwaka 1984 iliyofuata bado inatumika mahakamani, pamoja na marekebisho yake. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba tumekosa sheria.

Wengine watasema kilichokosekana ni mitambo. Ni kweli kwamba kwa muda mrefu anga yetu ilikuwa na macho machache. Lakini na mitambo ina historia yake, na ninyi nyote mnaijua kwa jina la "chenji ya rada". Serikali iliagiza rada kutoka kampuni ya BAE Systems ya Uingereza kwa pauni milioni 28, na leseni ya kuiuza nje ilitolewa Uingereza Desemba 2001. Hata huko kwao waziri Clare Short aliipinga biashara ile kwamba ni ghali mno kwa nchi maskini. Baadaye ikajulikana kwamba karibu dola milioni 12 zililipwa kwa wakala. Mwaka 2010 kampuni ile ilikiri mbele ya mahakama ya London kosa moja: haikutunza ipasavyo kumbukumbu za hesabu za malipo hayo. Ikatozwa faini, na mwaka 2012 ikalipa pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya Watanzania. Fedha hizo zikanunua vitabu na madawati ya shule za msingi.

Ndugu zangu, mimi nilipolisoma kosa lile nilimkumbuka mzee wangu wa kiwanjani. Chombo cha kuona ndege umbali wa kilometa mamia kiliingia nchini, na kesi yake ikaishia kwenye daftari lisiloandikwa vizuri. Tangu wakati huo tumenunua rada nyingine nne, kwa mkataba wa mwaka 2017, za Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Ni jambo la kujivunia. Lakini rada itakuonyesha kwamba ndege imeshuka. Haitakuambia kilichomo sandukuni, wala nani kapewa nini asifungue.

Februari 2018 kilo 35.34 za dhahabu kutoka Tanzania zilikamatwa katika kiwanja cha Jomo Kenyatta, Nairobi. Hazikupita porini. Zilipita kiwanjani, mahali penye taa, mashine na wafanyakazi wenye sare. Mwaka uliofuata, Julai 2019, Serikali ya Kenya ilizirudisha kwetu, tukafurahi, na ilikuwa haki yetu kufurahi. Mwaka huo huo wa 2019 tulianzisha masoko ya madini, kuanzia Geita, ili mchimbaji mdogo auze dhahabu yake mahali pa wazi, kwa bei inayojulikana na kwa stakabadhi. Kwa maoni yangu masoko yale yamefanya kazi ambayo rada isingeweza kuifanya: yamempa mtu wa chini sababu ya kutaka mali yake iandikwe.

Ndugu Mwenyekiti, sasa nafika mahali pagumu. Ningeweza kuishia hapa, mkanipigia makofi. Lakini sitakuwa nimejibu swali langu la kwanza, huku chini alikuwapo nani. Mara moja alikuwapo huyu anayezungumza nanyi.

Nilikuwa na umri wa miaka 29, nimetoka Chuo Kikuu miaka michache nyuma, nimepangiwa kazi kwenye kiwanja kimoja kidogo, si cha mkoa huu. Siku moja akaja mtu tuliyesoma naye. Tulilala bweni moja na tulikula ugali wa sufuria moja. Nilipougua malaria kidato cha pili, yeye ndiye aliyenibeba. Alikuwa anamsindikiza abiria wa ndege ya kukodi, na alikuwa na sanduku dogo. Akaniambia ni zawadi za harusi, zimefungwa vizuri, nisiziharibu kwa kuzifungua. Nikasaini. Katika safu ya mzigo nikaandika "zawadi". Hakunipa hata senti moja, nami sikuomba. Tulicheka, tukakumbushana majina ya utani ya walimu, ndege ikapaa.

Miezi sita baadaye alirudi na masanduku mawili. Safari hii hakusema ni zawadi. Alisema, "Yale yale ya siku ile." Hapo ndipo nilipotambua kwamba mara ya kwanza sikumfanyia rafiki yangu hisani, nilikuwa nimemfungulia njia. Kalamu ilikuwa mkononi. Nilimwomba afungue. Akaniangalia kwa muda mrefu, akasema, "Na wewe umekuwa mtu wa namna hiyo?" Akachukua masanduku yake akaondoka nayo kwa gari. Ndege ikaruka bila yeye na abiria wake. Nami nikaandika katika daftari, mkono ukinitetemeka: "Mwenye masanduku amekataa kufungua, ameondoka nayo." Kisha nikaenda kwa mkubwa wangu nikamweleza habari ya zile "zawadi" za mara ya kwanza. Nilipewa barua ya onyo, na barua hiyo imo katika jalada langu hadi leo.

Mpaka sasa sijui kilichokuwamo. Huenda zilikuwa ni zawadi kweli. Huenda nilimpoteza rafiki kwa ajili ya masufuria na mashuka. Lakini ndivyo kosa langu lilivyo: niliandika neno nisilolijua, na sasa siwezi kumtetea mwenzangu wala kumshitaki. Hatujazungumza tangu siku ile. Kila mwaka katika mkutano huu huwa naangalia mlangoni. Kama yumo humu ukumbini, au gazeti letu likimfikia, namwambia kwamba sikumchukia, na kwamba malaria ile sijaisahau.

Nimelisema hili kwa sababu sisi wa shule hii tumetawanyika kila mahali. Wako wetu mizanini, forodhani, benki, polisi, mahakamani, hospitalini. Tunajivunia jambo hilo, na kila mkutano tunahimizana kusaidiana. Kusaidiana ni kwema. Mwenzetu akifiwa tuchange, mtoto wake akikosa karo tuchange, akitafuta kazi tumwelekeze. Lakini mara nyingi msaada tunaouombana ni ule wa "usiandike". Usiandike muda niliofika. Usiandike uzito. Usifungue, unanijua. Anayeombwa hivyo haombwi hisani. Anaombwa kuweka jina lake mahali pa jina la mwingine.

Wala nisieleweke kwamba nawadharau marubani. Mwaka 1957 Dakta Michael Wood na wenzake wawili walianzisha huduma ya madaktari wa ndege, na watu wengi wa Afrika Mashariki wako hai kwa sababu ndege ndogo ilitua kijijini kwao. Michael Grzimek alikufa tarehe 10 Januari 1959 ndege yake ilipogonga tumbusi, akiwa katika kazi ya kuhesabu wanyama wa Serengeti pamoja na baba yake, amezikwa Ngorongoro. Na tarehe 29 Januari 2016 rubani Roger Gower alipigwa risasi na majangili kutoka chini, alipokuwa akiwatafuta kwa helikopta katika Pori la Akiba la Maswa, akafa. Hao wote walikuwa na ndege ndogo, kama zile za hadithi zetu za mezani. Na kumbukumbu zao zina jambo moja ambalo za wapitishaji magendo hazina: mtu yeyote anaweza kuuliza walibeba nini, akajibiwa.

Namalizia kwa maombi mawili. La kwanza ni la kumbukumbu. Mzee wangu alifariki nilipokuwa Chuo Kikuu. Nilipokwenda kuhani niliuliza juu ya madaftari yake, nikaambiwa karatasi zilikwisha kufungia karanga. Sikumlaumu mtu, kwa kuwa hata mimi sikuwahi kuyaomba alipokuwa hai. Lakini wako wazee wengine, waliotunza viwanja, stesheni na maghala, kutoka Ludewa hadi Makambako. Kama nyumbani kwenu liko daftari la namna hiyo, liletwe katika maktaba ya shule. Vijana hawa watajifunza humo historia ambayo marubani hawakuiandika.

La pili ni kwetu sisi wenyewe. Tukitoka hapa kesho, kila mtu akirudi kwenye kituo chake cha kazi, tusimwombe mwenzetu asiandike. Na tukiombwa, na tukishindwa kupata la kusema kwa sababu anayeomba ni mtu aliyetubeba mgongoni tukiwa wagonjwa, basi tufanye kama yule mzee ambaye hakupita hata darasa la saba. Tuandike tulichoambiwa.